Sentensi ya Kiingereza Imegoma Kukua: Dalili, Sababu na Marekebisho

Ukikusanya madaftari ya insha kutoka Uyole, Mbalizi, Tukuyu, Makambako hadi Iringa mjini, utakuta makosa yaleyale, miandiko tu ndiyo tofauti. Mzazi atasema mtoto hana msamiati. Mwalimu ataandika pembeni kwa wino mwekundu "Improve your language", kisha atafungua daftari linalofuata. Hakuna aliyeonyesha hitilafu iko wapi. Kwa kawaida maneno yapo ya kutosha. Kinachosumbua ni maungio, pale kishazi kimoja (kipande cha sentensi chenye kitenzi chake) kinapokutana na kingine, na maungio hayo yanarekebishika bila kumkaririsha mtu kamusi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sekondari, mwalimu wa tuisheni, na pia mtu mzima anayejifundisha mwenyewe: muongoza watalii wa Kitulo au Ruaha, au muuza parachichi anayewaandikia wanunuzi wa nje. Tafuta dalili inayofanana na ya mwanafunzi wako. Sababu zimepangwa kuanzia ile inayoonekana mara nyingi zaidi.

Kipimo cha kwanza kabla ya kugusa chochote

Mwambie mwanafunzi aandike sentensi fupi 10 kuhusu vitu anavyoviona kila siku. "My aunt sells potatoes at Mwanjelwa." "Our house has two rooms." Usimsaidie. Kisha angalia mambo matatu tu: kila sentensi ina mtenda, ina kitenzi kilichokaa katika wakati wake, na inaishia kwa nukta.

Zikiharibika zaidi ya 3, acha mwongozo huu hapohapo. Mtu anayeandika "My aunt selling potato" hajafika kwenye sentensi changamano. Ukimfundisha "although" na "which" leo, utapata makosa mawili mahali palipokuwa na moja. Mrudishe kwenye sentensi fupi kwa wiki kadhaa, bila haya. Sentensi ndefu ni sentensi fupi zilizoshikana, na fupi zikiwa mbovu hakuna cha kushikanisha.

Dalili: Sentensi zote fupi, zote zinaanza namna moja

"Mbozi has a meteorite. It is very big. It is made of iron. Many people visit it. I like it."

Hakuna kosa hata moja hapo. Ndiyo maana mwanafunzi wa namna hii hukwama kwenye alama za wastani miaka nenda miaka rudi bila kuambiwa sababu.

Sababu ya kwanza, na inayoziacha nyingine mbali, ni woga. Amejifunza kwamba sentensi ndefu huleta wino mwekundu, hivyo anajificha kwenye fupi. Pima hivi: mwambie akusimulie habari hiyohiyo kwa Kiswahili. Akisema "kile kimondo kikubwa cha chuma kilichoko Mbozi hutembelewa na watu wengi", basi uwezo wa kuunganisha mawazo anao tayari, tena kaunganisha manne kwa pumzi moja. Tatizo si akili wala msamiati.

Sababu ya pili: hajawahi kuijenga sentensi ndefu ya Kiingereza kwa mikono yake. Katika shule nyingi za serikali mtoto husoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza ghafla. Sentensi ndefu anakutana nazo kwenye notisi za Biolojia na Jiografia, na kazi yake ni kuzikariri jinsi zilivyo. Anaweza kukuandikia maana ya osmosisi yenye maneno 20 bila kukosea nukta, halafu ashindwe kueleza kwa nini amechelewa shule.

Sababu ya tatu, ambayo ni nadra kuliko inavyodhaniwa, ni kukosa la kusema. Muulize maswali manne: kiko wapi, kimetengenezwa na nini, kina uzito gani, nani anakwenda kukiona? Akijibu yote, habari anayo.

Marekebisho: mpe sentensi fupi 3 au 4 zilizo sahihi, umwambie azifanye moja, bila kumtajia jina la kanuni yoyote ya sarufi. Zoezi hili lina umri. Mmarekani Frank O'Hare alilijaribu kwa wanafunzi wa darasa la saba la kwao, akaeleza matokeo mwaka 1973: waliofanya mazoezi ya kuunganisha bila kufundishwa sarufi rasmi walianza kuandika sentensi pevu zaidi. Sentensi za kimondo zinaweza kutoka hivi:

"The Mbozi meteorite, a huge block of iron, attracts many visitors."

"Many people visit Mbozi to see a meteorite which is made of iron and weighs about sixteen tonnes."

"Made of iron and weighing about sixteen tonnes, the Mbozi meteorite draws visitors every year."

Usimwambie ipi ndiyo jibu. Zote zimesimama. Muulize ipi inafaa kufungulia insha na ipi inafaa kwenye kibao cha watalii, mkabishane. Ubishi huo unafundisha kuliko nusu ya mazoezi ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Na kwa wiki za mwanzo, akijaribu sentensi ndefu ikamshinda, usiitie mkwaju. Ipigie mstari kwa penseli tu. Ukimwadhibu kwa kujaribu, atarudi kujificha.

Dalili: Mnyororo wa "and"

"I woke up early and I washed my face and I took my hoe and I went to the farm and it started to rain and I came back."

Huyu amekuwa jasiri, na wengi humpongeza kwa sababu sentensi imejaza mistari miwili. Lakini urefu huu ni wa kudanganya macho. Kuna kipimo alichokipendekeza Mmarekani mwingine, Kellogg Hunt, mwaka 1965: usihesabu maneno kati ya nukta na nukta; kata andiko kwenye kila kishazi huru (kinachoweza kusimama peke yake kama sentensi) pamoja na vyote vinavyokitegemea, kisha hesabu maneno kwa kila kipande. Mnyororo huo una maneno 29 na vipande 6. Wastani hata maneno 5 haufiki. Ni zile sentensi fupi za dalili iliyotangulia, zimefungwa kamba tu.

Sababu kubwa ni namna tunavyosimulia. Katika Kiswahili, "nikanawa, nikachukua jembe, nikaenda shamba" ni simulizi safi kabisa, kwa kuwa "-ka-" inabeba mfuatano ndani ya kitenzi. Mwanafunzi anatafuta kitu cha kufanya kazi hiyo kwa Kiingereza, anakipata "and" au "and then", anakipachika kila mahali "-ka-" ingekaa. Usimwambie kwamba anawaza vibaya. Anawaza vizuri, ila Kiingereza kinataka aamue jambo ambalo "-ka-" haikumdai: katika matukio haya sita, kisa chenyewe ni kipi?

Sababu nyingine, kwa mbali, ni kwamba viunganishi anavyoviamini ni vitatu tu: "and", "but", "because". Na wachache, hasa waliojifunza kwa kusikiliza, hawajui nukta inawekwa wapi, kwa hiyo hawaweki kabisa.

Kipimo rahisi: futa kila "and" kwa penseli. Kwenye kila pengo muulize, uhusiano hapa ni upi? Jambo moja limetangulia jingine? Limelisababisha? Limelipinga? Au ni orodha tu? Akijibu "orodha tu", rudisha "and" yake, ina haki ya kukaa. Akijibu lingine, anahitaji kiungo kingine.

Kwa hiyo marekebisho huanza na kuchagua kisa. Hapa kisa ni mvua kumrudisha nyumbani. Mengine yote yaegemee hapo:

"After washing my face, I took my hoe and went to the farm, but the rain, which had started before I reached the first ridge, sent me back home."

Hesabu tena. Maneno ni 29 yaleyale, lakini vipande sasa ni 2, na wastani umepanda hadi 14 na nusu. Kuamka mapema kumetupwa. Hakuna anayekwenda shamba akiwa usingizini, na msomaji hakukosa kitu. Mwonyeshe mwanafunzi hesabu hiyo kwenye ubao. Wale wanaopenda Hisabati huanza kupima insha zao wenyewe bila kutumwa.

Angalizo: kipimo cha Hunt ni cha kugundua ugonjwa. Usikifanye shindano la nani ana wastani mkubwa, maana utazalisha ugonjwa mwingine, ulioelezwa chini kwenye dalili ya "sentensi ya lumbesa".

Dalili: Viungo viwili mahali pa kimoja

Hapa kuna makosa manne yanayotembea pamoja.

"Although it was cold, but we went to school." Kiswahili kinaruhusu "ingawa kulikuwa na baridi, lakini tulikwenda". Kiingereza kinataka kimoja. Futa "although" au futa "but", yoyote, mradi kimoja kibaki. Ndugu yake ni "Because the road was bad, that is why we came late", inayotokana na "ndiyo maana". Dawa ni ileile.

"The potatoes which I bought them are rotten." Hii inatoka moja kwa moja kwenye "viazi nilivyovinunua", ambamo "-vi-" iliyo baada ya "-vyo-" inarudi kuvitaja viazi. Kwa Kiingereza "which" tayari imeshavitaja. Kipimo: funika kwa kidole kila kitu hadi "which", soma kilichobaki, kisha uliza "them" ni nani. Kama ni vilevile vilivyofunikwa, "them" iondoke.

"My father he is a driver." Tunasema "baba yangu yeye ni dereva" tukitaka kumtofautisha baba na wengine. Mwanafunzi hatofautishi chochote. Anavuta pumzi tu kabla ya kitenzi.

"The village which its road is bad" na "the place that I was born there". La kwanza linataka "whose", la pili linataka "where". Haya mawili yaache mwisho. Hata waandishi wa ripoti za ofisini yanawashinda, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuishi vizuri bila "whose" kwa mwaka mzima.

Mbali na lugha ya nyumbani, sababu ya pili ni zile karatasi za "linking words" zinazouzwa stationari. Zinaorodhesha viunganishi 60 bila sentensi hata moja. Mwanafunzi anavikariri kama orodha ya wafalme, hajui kipi kinaishi na kipi.

Rekebisha kosa moja kwa wiki. Chagua linalojirudia zaidi kwenye daftari lake, mengine yapite bila kuguswa hata kama yanakuwasha mkono. Likitulia kwenye insha mbili mfululizo, nenda kwa linalofuata. Ukiyafukuza yote manne siku moja, wiki ijayo yatakuwa yamerudi yote manne.

Dalili: Sentensi ya lumbesa

Kila anayenunua viazi Uyole au Njombe anaijua lumbesa: gunia limeshajaa, halafu juu yake kinashonwa kilemba kingine. Kuna wanafunzi wanaofunga sentensi zao hivyo.

"Moreover, the farmers of Njombe who grow avocados which are sold to companies which export them due to the fact that the price which is good nevertheless."

Mtafute mtenda mkuu: "the farmers". Sasa mtafutie kitenzi chake. Hakipo. Kila kitenzi kimemezwa na "who" au "which", na wakulima wamebaki hawafanyi chochote hadi nukta.

Sababu inayoongoza ni imani kwamba Kiingereza kizuri ni kigumu kusomeka. Imani hii haikuanguka kutoka mbinguni. Iko kwenye barua za ofisi, kwenye hotuba, na kwenye sifa tunazompa mtu aliyeongea tusimwelewe. Ya pili ni mnyororo wa "and" uliotibiwa vibaya: mwalimu amekataza "and", mwanafunzi ameweka "which" kila ilipokuwa "and". Ya tatu, inayozidi kukua, ni andiko lililotolewa kwenye simu, kwa programu ya kutafsiri au ya kuandika, kisha likaongezewa maneno ya mwenyewe katikati.

Kipimo cha haraka: asome kwa sauti. Akiishiwa pumzi kabla ya kitenzi, sentensi imezidi. Kipimo cha pili, cha andiko la simu: muulize neno moja gumu lina maana gani. Akikaa kimya, msifanye sarufi leo. Mrudie mazungumzo ya kwa nini anaandika.

Marekebisho hapa ni kupunguza. Muulize kwa Kiswahili: "Unataka kusema nini?" Atajibu, "Wakulima wa Njombe wanalima parachichi za kuuza nje kwa sababu bei ni nzuri." Basi aandike hilo:

"Farmers in Njombe grow avocados for export because the price is good."

Maneno 12. Ikisimama, aruhusiwe kuongeza kitu kimoja, kisha aangalie kama bado inasimama: "Farmers in Njombe, many of whom once grew only maize, now grow avocados for export because the price is good." Hapo pametosha. Kuhusu "moreover", mimi ningeifungia kabatini hadi kidato cha tano. Sijaona insha ya kidato cha pili iliyoihitaji.

Onyo kwa maandishi yenye sheria ndani yake. Muuza parachichi au mwenye nyumba ya wageni anayejifunza Kiingereza atakuletea siku moja mkataba, kiapo au hati ya shamba, akuombe "umnyooshee sentensi". Usiguse. Kwenye mkataba, kuhamisha kishazi kimoja kunaweza kubadilisha nani anadaiwa. Mpeleke kwa wakili.

Dalili: Mikato iliyopotea, vipande vilivyobaki peke yake

"It was raining, we stayed home." Vishazi huru viwili, kati yao mkato tu. Weka nukta, au weka "so" baada ya mkato. "Because it was raining." Kishazi tegemezi kimeachwa peke yake, na mara nyingi kishazi chake huru kipo kwenye sentensi ya nyuma, kirudishe huko. Kosa la mwisho ni la waliokwisha kuendelea: "Walking to Lake Ngozi, the rain started." Nani alikuwa anatembea? Kwa sentensi hiyo, mvua. Andika "Walking to Lake Ngozi, we were caught in the rain." Asiyeliona kosa hili hajawa tayari kufungua sentensi kwa "-ing", mpe "While we were walking" kwanza.

Dalili: Mazoezi anapata yote, insha inarudi palepale

Hii ndiyo inayovunja walimu moyo. Jumanne ameunganisha sentensi 10 bila kosa. Ijumaa insha yake ni "It is very big. I like it."

Mara nyingi sababu ni kwamba insha huandikwa mara moja tu. Hakuna anayeunganisha sentensi vizuri akiwa anawaza kwa mara ya kwanza. Hata mwandishi mzoefu huunganisha kwenye marudio. Chukua insha yake ya mwezi uliopita, mpe kalamu ya rangi nyingine, mwambie achague mahali patatu tu pa kuunganisha. Patatu, siyo aya nzima. Kwenye chumba cha mtihani afanye hivyohivyo kwa dakika 5 za mwisho.

Sababu ya pili ni mazoezi yasiyo na mwenyewe: sentensi za John na Mary wanaokwenda sokoni kusikojulikana. Mpe habari yenye uzito kwake. Kwa wanafunzi wa Iringa, Mkwawa hachoshi. Wape vipande hivi: Mkwawa aliongoza Wahehe, watu wake waliwavizia Wajerumani Lugalo, ilikuwa Agosti 1891, kamanda Emil von Zelewski aliuawa, Mkwawa alikufa 1898, fuvu lake lilirudishwa 1954, liko Kalenga. Darasa likishughulika nalo vizuri, kitu kama hiki hutokea:

"In August 1891 Mkwawa's men ambushed a German column at Lugalo, killing its commander, Emil von Zelewski. Seven years later Mkwawa himself was dead. His skull, which was not returned until 1954, is kept at Kalenga."

Sentensi ya katikati ni fupi, na iachwe fupi. Kuna mwanafunzi atakayetaka kuishona na jirani zake kwa sababu umemfundisha kushona; mzuie. Mwambie aisome kwa sauti baada ya ile ndefu, asikie inavyotua.

Sababu ya tatu haionekani kwa kalamu. Kama mwanafunzi anaunganisha vizuri akisema, lakini kwenye karatasi anaruka maneno, anabadilisha herufi zinazofanana, anapoteza mstari wakati wa kunakili ubaoni, na Kiswahili chake cha kuandika kinavunjika vilevile, simamisha mazoezi ya sentensi. Anza na kliniki ya macho, kwa sababu ndicho kitu rahisi kuhakikisha, na mtoto asiyeona ubao huwa hasemi. Akikutwa anaona vizuri, apimwe masikio. Hali ikiendelea, mzazi na mwalimu mkuu wamwone afisa elimu maalumu wa halmashauri, waende na madaftari ya masomo mawili tofauti, la Kiingereza na la Kiswahili, yasiyosahihishwa.